Mkwe Anatafuta Nyumba

Tangu lini mkwe akaalikwa? Hilo ndilo swali lililomkaba Kokuberwa mwezi mzima, na hakuwa na wa kumjibu, maana mwenyewe hakuwahi kuliuliza kwa sauti. Kwao Bukoba alikozaliwa, na hata hapa Chamazi alikojenga na marehemu mumewe, mtoto akioa anamleta mke nyumbani, mizigo inashushwa, chumba kinajulikana, basi. Mambo ya "naomba mje mkae kwangu" ni ya wageni. Ukimwambia mwanao hivyo ni kama unamfukuza kwa adabu.

Sasa Gaudens, mtoto wake wa pekee, alikwenda Hungaria kusomea uhandisi wa maji, akarudi na digrii na mke. Mke anaitwa Ildiko. Na kutoka uwanja wa ndege Gaudens hakukata kona kuja Chamazi. Alinyoosha moja kwa moja mpaka Kinondoni, kwenye chumba cha muda alichotafutiwa na watu wa kazini kwake. Kabla hata mama mtu hajamaliza kulimeza hilo, kijana akapelekwa Tunduru kwenye mradi wa visima. Akaacha maagizo kwa simu: Ildiko atatafuta nyumba ya kuishi, na mama amsaidie, kwa sababu mama anaujua mji.

"Nimsaidie kutafuta nyumba!" Kokuberwa aliyaambia masufuria jikoni, simu ilipokatika. "Na mie naishi kwenye nini? Kwenye mwavuli?"

Nyumba anayo, tena ya maana. Alikuwa amepaka rangi chumba kizima, ameweka neti mpya dirishani, amenunua godoro ambalo nailoni yake haijatolewa. Amemwita fundi akang'oa choo cha kuchuchumaa akaweka cha kukaa, maana aliambiwa watu wa huko baridini magoti yao hayakunjiki vizuri. Yote hayo kayafanya kimyakimya, akafunga mlango na ufunguo akautia kwenye kanga. Kila Jumapili Ildiko alikuja, akala ndizi, akaosha vyombo bila kuambiwa, akaaga, akarudi Kinondoni. Kokuberwa hakumfungulia kile chumba hata siku moja. Kumwonyesha mtu chumba si ndiyo kumbembeleza? Yeye, karani mstaafu wa bandarini, aliyewahi kuwarudisha manahodha kwenye foleni kwa sababu ya muhuri mmoja, leo ambembeleze mkwe? Thubutu!

Lakini alimtaka, jamani. Alimtaka mpaka kifua kinamuuma. Tangu mumewe afariki alikuwa anakula peke yake, anabishana na redio peke yake, na alikuwa amechoka. Basi akajitungia ujanja. Atakwenda na huyu binti kila nyumba, na kila nyumba ataitafutia kasoro, mpaka binti mwenyewe achoke, akunje mikono, aseme, "Mama, hivi kwa nini tusije tu kwako?" Hapo ndipo yeye angejifanya kushangaa kidogo, halafu akatoa ufunguo.

Dalali waliyempata ni Jabiri, kijana wa Temeke, mdomo wake hauna breki na kigari chake nacho karibu hakina. Jabiri alikuwa na imani moja tu kuhusu Wazungu, kwamba wote ni waoga. Kwa hiyo nyumba ya kwanza aliyowapeleka, hukohuko Kinondoni, ilikuwa na ukuta mrefu wenye nyaya za umeme juu, geti la chuma, mlinzi, mbwa wawili, na kiyoyozi mpaka stoo. Nyuma kulikuwa na bwawa la kuogelea lisilo na maji, limejaa majani makavu na kandambili moja.

"Sista, hapa hata sisimizi anaomba ruhusa kupita," Jabiri akajisifu.

Ildiko alizunguka vyumba vyote taratibu. Alifungua mabomba, akazima kiyoyozi, akasimama katikati ya sebule ametega sikio. Kiswahili chake alikuwa amefundishwa darasani huko kwao, kimenyooka kama taarifa ya habari.

"Nyumba hii ni nzuri," alisema, "lakini nikiwa ndani yake simsikii mtu yeyote. Sikuja Tanzania ili nisisikie watu."

Kokuberwa alifurahi mpaka akakaribia kusahau kazi iliyomleta. Akaongeza kasoro moja tu kwa usalama, kwamba bwawa la namna ile ni kiwanda cha mbu. Walipoingia garini akamgeukia mkwe wake, akangoja lile neno litoke. Ildiko akamuuliza Jabiri nyumba ya pili iko wapi.

Nyumba ya pili ilikuwa Temeke, ghorofani, juu ya maduka. Chini yake kulikuwa na mkaanga chipsi, fundi cherehani, na saluni yenye spika kubwa kuliko mlango, inapiga singeli mpaka vioo vinatetemeka. Kokuberwa alipoisikia ile spika akajua hapa leo hana kazi, spika itamfanyia. Ee, kumbe! Binti alitoka barazani, akaegemea ukingo, akaanza kucheka peke yake kwa raha. Mwanamke mmoja kule chini akampungia mkono akisema, "Karibu, karibu mtaani!" na Ildiko akapunga yote miwili.

"Hapa hutalala, mwanangu," Kokuberwa akawahi.

"Miaka yangu ya chuo nililala kando ya reli, Mama. Treni za mizigo."

"Halafu hapa kuna wezi."

Sasa mtu mwingine angeguna tu, yakaisha. Ildiko aliinama barazani, akaita kwa sauti ya kusikika mpaka mtaa wa pili: "Kaka! Kaka wa chipsi! Samahani! Je, mahali hapa pana wezi?"

Mtaa ukanyamaza. Hata saluni wakapunguza muziki. Kokuberwa alitamani ardhi ipasuke, maana hao wezi wenyewe huenda walikuwa wamesimama palepale wanakula. Mkaanga chipsi akainua kijiko chake akajibu, "Wapo, dada, ila ni watoto wetu, hatuibiani!" Mtaa mzima ukaangua kicheko, na Ildiko akacheka nao, akamgeukia mkwewe kana kwamba ameletewa cheti cha usalama.

Kokuberwa akaona jahazi linazama. Akashika neno la kwanza lililomjia mdomoni. "Ngazi," akasema. "Gaudens hawezi ngazi. Goti lake bovu tangu utotoni."

"Goti? Gaudens alipanda milima pamoja nami."

"Ndiyo. Ila linamrudia."

Ildiko alimtazama kidogo. Wakashuka hizo ngazi. Jabiri alikuwa nyuma, anasonya chinichini, maana mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kutabasamu na biashara imemfia mkononi. "Bi mkubwa," alimnong'oneza Kokuberwa kwenye gari, "nyie mnatafuta nyumba au mnatafuta kasoro?" Kokuberwa akamwambia aangalie barabara.

Yakafuatia mengine ya namna hiyo. Nyumba ya Mbagala, Kokuberwa akasema jirani ana uso wa kesi. Nyumba ya Yombo ilikuwa na harufu, na hiyo harufu aliisikia yeye peke yake. Na kila mahali Ildiko aliuliza maswali yake yaleyale, maji, mafuriko, majirani, na kila mahali watu wakamjibu, "Hapa pazuri tu, dada, hamna shida," kwa kuwa hakuna mtu mwenye haya zake anayeiponda nyumba ya mwenzake mbele ya mwenye nyumba. Siku zikapita. Binti alianza kuchoka kweli, jua limemwivisha pua, lakini lile neno halimtoki. Alikuwa anachoka upande usiotakiwa! Alizidi kuwa mkimya tu, na Jumapili moja hakuja kula.

Hapo ndipo Jabiri alipopiga simu akasema amepata ya mwisho, Chanika, na hii ikikataliwa yeye anarudi kuuza mitumba.

Kwenda Chanika walipanda. Barabara ya vumbi ilikwea na kukwea katikati ya mashamba ya mihogo na nyumba mpya zisizoezekwa bado, mpaka kigari cha Jabiri kikachemka, wakamalizia kwa miguu huku moshi mweupe unatoka kwenye boneti. Juu kabisa palikuwa na nyumba ya chokaa yenye vyumba vitatu, baraza pana, na mlango wa mpingo uliochongwa na mkono wa mtu aliyejua kazi. Mwenye nyumba, Filomena, mama wa Kimakonde kutoka Masasi, alikuwa anaishi nyumba ya pili uani. Mlango ule, alisema, aliuchonga marehemu mumewe.

"Shikamoo," Ildiko akaamkia, kisha akaupapasa ule mlango, na hakuuliza swali hata moja. Aliingia, akazunguka, akatoka. Akaketi barazani bila kuambiwa. Upepo ulikuwa unapita. Kuku walikuwa wanagombana, mtu alikuwa anatwanga mahali fulani, Filomena alikuwa anamwita jirani kwa jina akimuuliza kama chumvi ipo. Ildiko akafumba macho, na uso wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu waanze kuzunguka.

"Kazi yangu ni ya kompyuta," alisema. "Nimeangalia simu, mtandao unafika. Mama, ninaitaka nyumba hii."

Kokuberwa moyo ukampasuka paa. Alitazama huku na huku. Harufu hakuna. Ngazi hakuna. Jirani ndiye huyu Filomena, uso wake wa kumkabidhi hata mtoto mchanga. Akafungua mdomo kabla akili haijafika.

"Bonde hili," akasema. "Mwaka juzi masika nilikuja msibani huku. Maji yalifika madirishani. Watu waliokolewa kwa ngalawa."

Chini kabisa, mbali, yalionekana mabati ya nyumba za Chanika nzima.

"Bonde?" Filomena aliuliza. "Mwenzangu, bonde liko wapi?"

"Jamani!" Jabiri akalipuka, kofia akaitupa chini. "Tumepanda mlima mpaka injini imechemka, inatoka moshi mpaka sasa hivi, ngalawa inapitaje hapa? Inaruka? Bi mkubwa, mie nimekuvumilia. Uso wa kesi nimevumilia, harufu nimevumilia. Sasa mafuriko mlimani?"

Ildiko alisimama. Alikuwa amewiva uso wote, si kwa jua.

"Mama," alisema, "kwa nini unasema uongo?"

Yesu na Maria! Filomena alijishika mdomo. Jabiri, ambaye sekunde ile alikuwa anabweka, aliinama akaokota kofia yake polepole, akaanza kuipangusa vumbi kwa makini sana. Neno lile huambiwi na mkweo. Mkwe hata akikukuta na pochi yake mfukoni anasema labda umesahau. Huko darasani kwao walimfundisha neno, hawakumfundisha watu wasioambiwa.

"Mie?" Kokuberwa alisema. "Mie mwongo? Umri huu?"

"Goti la Gaudens ni zima. Nilimuuliza, akacheka. Kila nyumba ninayoipenda, wewe unaiharibu." Sauti ya binti ilianza kukatika. "Sema tu, Mama. Hunitaki hapa. Unataka nirudi kwetu."

"Sikutaki?" Kokuberwa alipandwa na mori, mkono ukaenda kiunoni wenyewe. "Sikutaki, na nimekuwekea choo cha kukaa?"

"Choo gani?"

"Choo! Na chumba nimepaka rangi! Neti, kitanda, godoro lina nailoni yake mpaka leo! Wewe unakuja Jumapili, unakula, unaondoka, kama mtu wa hotelini! Hata siku moja hujasema Mama, leo nalala. Ungekufa?"

Ildiko alikuwa anamtazama mdomo wazi. "Hukuniambia."

"Nikwambie nini? Mtoto wa nyumba anaambiwa? Gaudens niliwahi kumwandikia kadi ya mwaliko aje alale kwao?"

"Mimi nilisubiri uniambie karibu ukae. Kila Jumapili nilisubiri. Na kuomba sikuomba, kwa sababu Gaudens alinikataza."

"Alikukataza?"

"Alisema usimwombe Mama."

Kokuberwa hakungoja tafsiri. Alichomoa simu kwenye pochi, akampigia mwanawe palepale barazani, akaiweka sauti ya nje, potelea mbali, wamsikie wote. Gaudens alipokea, nyuma yake mashine ya kuchimba inanguruma.

"Eti umemkataza mkeo kuomba kukaa kwangu," Kokuberwa alisema, bila salamu wala nini.

Mashine ikanguruma. Halafu ikazimwa. "Mama, usikasirike," Gaudens alisema.

Hayo ni maneno ya mtu anayekuja kukukasirisha.

"Ni kweli nilisema. Mama, wewe ukimpenda mtu unamshika mpaka anakosa pa kupumulia. Mie mtu mzima, nina mke, asubuhi unanipigia kuniuliza nimekula nini. Jioni unaniuliza niliongea na nani. Nilivyokuwa nasoma ulikuwa unakuja shuleni kunikagulia daftari mbele ya wenzangu. Sikutaka Ildiko ayapate hayo, akukimbie, halafu wote tukose."

"Nani amenikimbia mie?"

"Mama, nafasi za kusoma zilikuwa mbili. Ya pili ilikuwa Nairobi."

"Hukuniambia kuna Nairobi."

"Ningekwambia, ningekwenda Nairobi. Na kila mwisho wa mwezi ungekuwa kwenye basi."

Kokuberwa alitaka kusema si kweli. Alitafuta pa kuanzia, akakumbuka kwamba mwaka ule alikuwa hata ameulizia nauli ya ndege ya Hungaria. Akakata simu taratibu, akaketi, akaiweka kifudifudi mapajani. Filomena aliingia ndani kufanya kazi isiyokuwepo. Jabiri alisogea mpaka kwenye mihogo, akawa anaitazama mihogo.

Hasira ya Kokuberwa ilikuwepo bado, lakini haikuwa na mtu wa kumshika. Miaka sita alikuwa akiwaambia wenzake kanisani kwamba mwanawe alikwenda mbali kwa sababu ya akili nyingi.

"Ildiko," alisema mwisho wake, na sauti ilikuwa ndogo, ya mtu mwingine. "Hakuna mafuriko. Hakuna goti. Mie nataka ukae kwangu. Basi, nimesema, nakuomba. Ile nyumba imenishinda peke yangu. Siku za mechi pale uwanja wa mpira wa Chamazi, jirani na kwangu, watu wakishangilia, nainuka kwenda kufungua mlango, nadhani ni watu wanakuja kwangu. Najua ni mpira. Nainuka tu."

Ildiko alikaa chini kando yake. Alimshika mkono, akaushika vibaya, kwa vidole viwili, kama mtu asiyejua kama inaruhusiwa.

"Mama, kwako sitakaa," alisema.

Kokuberwa aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amelitarajia jibu hilo.

"Kwako kila kitu umekwisha kukipanga, mpaka choo. Nitakuwa kama godoro lile, ndani ya nailoni. Nyumba hii nimeichagua mwenyewe, ni kitu cha kwanza nilichochagua katika nchi hii. Lakini ina vyumba vitatu." Akatafuta maneno kwenye lile darasa lake, akakosa mengine. "Njoo wewe ukae kwangu."

"Mie?" Kokuberwa alichomoa mkono. "Niache nyumba niliyojenga tofali kwa tofali, uzee huu, nije kupanga Chanika? Kwa mkwe? Watu watasema nini?"

"Ile ya Chamazi mniachie mie, bi mkubwa," Jabiri aliita kutoka kwenye mihogo. "Naipatia mpangaji kabla ya..."

"Nyamaza wewe!"

Lakini Kokuberwa hakuwa amesema hapana, na wote pale walikuwa wamesikia kwamba hajasema.

"Utanichoka," akamwambia mkwe wake, bila kumtazama. "Si umemsikia mumeo?"

"Nitachoka," Ildiko alisema.

Hapo mtu mwingine, mwenye adabu zake, angesema hata kidogo, Mama, nitakuchokaje. Kokuberwa aligeuka kumwangalia vizuri.

"Siku nikichoka nitakuambia," binti akaendelea.

"Utaniambia usoni?"

"Ndiyo."

"Hata mbele ya watu?"

Ildiko akafikiri kidogo, kwa haki kabisa. "Wakiwepo," alisema.

Maisha yake yote watu walikuwa wamemchoka Kokuberwa kimyakimya, kwa heshima, na yule aliyempenda kuliko wote alipanda ndege kwa heshima hiyohiyo. Alijipangusa macho kwa ncha ya kanga, akasonya, akainuka. Akamwita Filomena, akamwomba amfungulie chumba cha nyuma.